MHANDISI WA NDEGE ZA SERIKALI NA NGAZI YAKE FUPI



Najua tutaulizwa, na ni heri tujibu kabla ya kuulizwa: Ninyi watu wa Kagongwa mna habari gani na ndege? Kagongwa ni mji wa mpunga na mashine za kukoboa, mji wa malori yapitayo kwenda Rwanda na Burundi. Hauna kiwanja cha ndege wala karakana yake. Neno hilo ni kweli, wala hatuoni haya kulikiri. Lakini tunazo sababu tatu za kusema, na kila moja yatosha peke yake.

Sababu ya kwanza ni fedha. Ndege za Serikali zilinunuliwa kwa mali ya wananchi, na sehemu ya mali hiyo hutoka katika ardhi hii tuikanyagayo: dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, almasi ya Mwadui, na ushuru wa mpunga unaopimwa mbele ya macho yetu. Aliyetoa fedha ana haki ya kuuliza mali yake inatunzwa na nani, na mtunzaji huyo anatunzwaje.

Sababu ya pili ni watoto. Shule za wilaya hii hutoa kila mwaka vijana wajuao hesabu na fizikia. Tukiwahimiza wasome uhandisi wa ndege, yatupasa tujue tunawapeleka wapi.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Kamba imfungayo mhandisi wa ndege ndiyo ile ile imfungayo karani, mwalimu, bwana shamba na muuguzi. Kwake yeye inaonekana wazi zaidi, kwa sababu kazi yake haifichiki. Jalada likichelewa, ni wachache wajuao. Ndege ikisimama, nchi nzima hujua.

DENI LA WALIOTUTANGULIA

Chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba. Wazee wale hawakuwa na silaha illa kalamu. Walikutana baada ya saa za kazi, wakasoma magazeti, wakaandika barua kwa adabu, wakauliza swali moja kwa namna mbalimbali: Je, mtu alipwe kwa kazi aifanyayo, au kwa jambo jingine?

Swali hilo lilijibiwa vibaya mwaka 1948. Tume ya Sir Maurice Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilishauri kwamba Mwafrika ashikaye kazi ile ile ya Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wake. Kazi moja, meza moja, saa moja, lakini mshahara si mmoja. Kanuni hiyo ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 iondolewe.

Twayakumbuka haya si kwa kuamsha uchungu wa zamani. Rangi haiandikwi tena katika hati ya malipo, na kwa hilo twashukuru. Lakini ile desturi ya kumpima mtu kwa kitu kingine kisichokuwa kazi yake haikufa siku ile. Ilibadili nguo tu. Zamani iliuliza, Mtu huyu ni wa rangi gani? Siku hizi huuliza, Mtu huyu anakalia kiti gani? Na akiwa hakalii kiti, bali amesimama chini ya bawa la ndege saa nane za usiku na kurunzi mkononi, hupata jibu fupi.

NGOMA YAPIGWA KWA AJILI YA CHUMA

Tangu Septemba 2016, zilipowasili ndege mbili za aina ya Bombardier Q400, Serikali imenunua ndege zaidi ya kumi. Boeing 787-8 ya kwanza ilikuja Julai 2018. Airbus A220-300 ya kwanza ilikuja Desemba 2018. Boeing 767-300F ya mizigo ilikuja Juni 2023, na Boeing 737 MAX 9 ya kwanza ikaja Oktoba mwaka ule ule. Zilinunuliwa kwa jina la Wakala wa Ndege za Serikali, zikakodishwa kwa Kampuni ya Ndege Tanzania, ATCL.

Hatuna neno baya juu ya manunuzi hayo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946, lilipovunjika mwaka 1977, karakana kubwa ilikuwa Nairobi, nasi tukabaki kuanza upya na Shirika la Ndege Tanzania mwezi Machi mwaka huo. Taifa lililowahi kuanza na mikono mitupu lina haki ya kufurahi likiona bendera yake mkiani mwa ndege kubwa.

Lakini tazameni jinsi tunavyofurahi. Ndege ijapo hupokewa kwa ngoma, kwa hotuba, na kwa kurushiwa maji. Hatujapata kusikia ngoma ikipigwa uwanjani kwa ajili ya mhandisi aliyerudi na leseni ya kuihudumia ndege hiyo. Chuma hupokelewa kama bwana harusi, na mtu ambaye bila yeye chuma hicho hakiruhusiwi kuondoka ardhini hupita mlango wa nyuma na mfuko wake begani. Wala hatuombi ngoma. Twaomba kile ambacho ngoma haiwezi kukilipa.

KAZI YENYEWE NI KAZI GANI?

Yafaa msomaji aliye mbali na viwanja vya ndege aelewe jambo hili vema, maana hoja yetu yote imesimama juu yake.

Mtu hawi mhandisi wa ndege kwa kupata shahada tu. Akimaliza masomo, kwa mfano katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam, hana bado ruhusa ya kuisainia ndege. Sharti afanye kazi chini ya mwenye leseni, kila kazi iandikwe katika daftari lake na kushuhudiwa. Sharti afanye mitihani ya leseni. Akiisha kuipata leseni hiyo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, bado hajamaliza, kwa sababu leseni yake sharti iandikiwe aina ya ndege. Ajuaye Q400 hawezi kwa sababu hiyo kuisainia Boeing 787. Kila aina ina mafunzo yake, mengi hutolewa ng'ambo kwa gharama kubwa, na kila aina ina mtihani wake.

Hapo ndipo aiwekapo sahihi yake. Sahihi hiyo si kama sahihi zetu za masijala. Yasema: Nimeikagua ndege hii, kazi imefanyika kama ipasavyo, na watu wapande. Karani akikosea tarakimu, jalada hurudishwa na kosa husahihishwa kwa wino mwekundu. Mhandisi akikosea, hakuna wino. Sahihi ni yake mwenyewe kwa jina lake. Siku ya maulizo ataulizwa yeye, na leseni yake yaweza kuondolewa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Leseni hiyo ni kama jembe: lisipotumika hushika kutu. Mwenye leseni aliyekaa muda mrefu bila kufanya kazi ya ndege hupoteza haki ya kusaini mpaka arudie mazoezi na kuthibitishwa tena. Shikeni neno hili, kwa maana tutalirudia.

NGAZI FUPI

Sasa tutazame ngazi. Katika mishahara ya Serikali, fundi sanifu mwenye stashahada huanza TGS C, afisa wa kawaida mwenye shahada huanza TGS D, na mhandisi huanza TGS E. Makampuni na mamlaka za umma huwa na ngazi zao zenye kuidhinishwa na Serikali, lakini mtindo wa kupanda hufanana: Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Mwandamizi, Mkuu. Kati ya hatua na hatua kwa kawaida ni miaka isiyopungua mitatu, kama nafasi ipo, kama fedha imetengwa, na kama jalada halikulala.

Katika ngazi hiyo hatua zahesabiwa kwa miaka. Aliyepata leseni ya aina moja ya ndege na aliyepata za aina tatu, wakiwa wameajiriwa siku moja, ngazi huwaona kuwa sawa. Aliyefaulu mitihani na aliyeiahirisha, ngazi huwaona kuwa sawa. Kitu chenye kumfanya mtu awe na thamani karakanani ndicho kisichoonekana kwenye ngazi. Kama kinatambuliwa, hutambuliwa kwa posho, na posho ni mgeni: yaweza kuja, yaweza kuondoka, na katika hesabu ya pensheni haimo.

Na juu ya ngazi kuna nini? Kuna kiti. Mhandisi akitaka kupanda zaidi hana budi kuacha bisibisi na kuwa msimamizi wa ofisi, kuandika bajeti, kuhudhuria vikao na kusaini likizo za wenzake. Hapo ndipo mturudishie lile neno la leseni na kutu. Serikali humfundisha mtu kwa miaka kumi aijue ndege. Akiisha kuijua kuliko wote humpa zawadi, na zawadi yenyewe ni kumwondoa kwenye ndege. Baada ya miaka michache kitini hawezi tena kuisainia. Tumepata mkuu wa kitengo mmoja, tumepoteza mhandisi mmoja, wala hakuna aliyeandika hasara hiyo katika daftari lolote.

Naye akikataa kiti kwa kupenda kazi yake? Basi atabaki pale pale, akiwafundisha vijana ambao kesho watamwamuru. Mfugaji yeyote wa Usukumani ajua kwamba dume lililozoea plau haliondolewi shambani likapelekwa kulinda ghala ati kwa kuliheshimu.

MIAKA ILIYOLIWA

Twaongeza habari ya miaka, kwa kuwa inatugusa sote. Juni 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya, upandishaji wa vyeo na mabadiliko ya mishahara ili kuwahakiki watumishi na kuwatafuta watumishi hewa. Kuwaondoa watumishi hewa lilikuwa jambo jema. Lakini aliyekuwa hai naye alisimamishwa pamoja na asiyekuwapo. Wengi walikaa miaka katika daraja moja, na nyongeza ya mwaka haikuonekana.

Hatutaki kusema kwamba hakuna lililotendwa. Sherehe za Mei Mosi za mwaka 2021 zilifanyika Mwanza, jirani zetu, na Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi nyongeza kwa mwaka uliofuata. Mei 2022 kima cha chini kiliongezwa kwa asilimia 23.3. Mei Mosi 2023 mjini Morogoro alitangaza kurudishwa kwa nyongeza ya mwaka. Mei Mosi 2025 mjini Singida alitangaza kwamba kima cha chini cha mtumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Kadhalika pakaletwa jambo liitwalo mserereko, la kuwavusha waliokwama. Mwenye kutenda jema asifiwe.

Lakini nyongeza ya kima cha chini, iliyo haki kabisa kwa mtu wa chini, haimpi mhandisi ngazi. Na mserereko ni tiba ya jeraha, si kinga. Mtu akiporwa miaka minne ya daraja, kisha akavushwa, bado ile tofauti ya mshahara wa miaka minne haimo mfukoni mwake, wala katika hesabu ya uzee wake.

MAJIBU TUNAYOPEWA

Tukisema haya hujibiwa kwa maneno matatu. Tutayatazama moja moja, tena kwa haki.

Jibu la kwanza: Fedha haipo, kwa kuwa kampuni yenyewe ina hasara. Ni kweli kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 2025, alionyesha kwamba ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 katika mwaka wa fedha 2023/24. Lakini jiulizeni: je, hasara hiyo ililetwa na mshahara wa mhandisi? Ndege huzaa fedha ikiwa angani tu. Ikiwa ardhini hula. Mwishoni mwa 2022 kampuni ilitangaza kwamba baadhi ya Airbus A220 zake zimesimama kwa kasoro ya injini zilizotengenezwa na Pratt & Whitney. Kosa lile halikuwa la wahandisi wetu, bali la kiwandani, na makampuni mengi duniani yaliumia. Hata hivyo lilitufundisha bei ya ndege iliyolala. Ajuaye bei hiyo hatasita kumlipa mtu ambaye kazi yake ni kuizuia isilale. Kubana mshahara wa mtunzaji ili kuokoa fedha za ndege ni kama kumnyima mchungaji uji ili kuokoa ng'ombe.

Jibu la pili: Tukimwongezea mhandisi wa ndege, walimu na wauguzi nao watadai. Jibu hili hutolewa ili kutugombanisha, nasi twalikataa mbele ya watu wote. Katika tawi letu wamo walimu, wamo wauguzi, wamo makarani, na wote wamekubali maandishi haya. Hatusemi mhandisi apendelewe. Twasema kazi ipimwe kwa uzito wake, ujuzi wake na hatari yake, na kila kundi lije na mizani yake. Serikali yenyewe imekwisha kulifanya hilo hospitalini. Daktari halazimiki kuwa mkurugenzi ili apande. Aweza kuwa bingwa, tena akawa bingwa bobezi, akiwa bado penye kitanda cha mgonjwa. Hakuna aliyesema jambo hilo limewaonea walimu. Basi kama mwili wa mtu mmoja una bingwa wake, kwa nini ndege yenye watu mia mbili isiwe na bingwa wake?

Jibu la tatu: Awe mzalendo, kwani amesomeshwa na nchi, na amefungwa na mkataba wa kuitumikia. Twauheshimu uzalendo, lakini twauliza: Kwa nini uzalendo hudaiwa kwa mwenye bisibisi tu? Muuzaji wa ndege hakuombwa awe mzalendo. Alilipwa bei yake. Muuzaji wa vipuri hakuombwa. Mkufunzi wa ng'ambo hakuombwa. Katika mnyororo wote, ni mmoja tu aambiwaye asihesabu, naye ni mtoto wetu. Ama mkataba, huo hufunga miguu, haufungi moyo. Miaka ya mkataba hwisha, na makampuni makubwa ya Ghuba huajiri watu kutoka kila pembe ya dunia, wala hayaulizi babaye mtu alilima mpunga wapi. Yauliza leseni. Mgema akidhulumiwa hapandi tena mnazi, na tembo halishuki kwa hotuba.

NENO LILILOTOKA ULAYA

Mwezi Desemba 2024 Tume ya Umoja wa Ulaya iliiweka ATCL katika orodha ya makampuni yasiyoruhusiwa kuruka katika anga za nchi zake. Juni 2025 iliyaongeza makampuni yote ya ndege yaliyothibitishwa na Tanzania. Wengi walisoma habari hiyo wakaona aibu tu, au hasira tu. Sisi tulisoma sababu zilizotajwa, na ya kwanza ilikuwa upungufu wa watumishi wenye sifa. Zilifuata nyingine: udhaifu katika usimamizi wa safari za ndege na wa ubora wa ndege, na kutofuata viwango vya kimataifa.

Hatusemi kwamba Ulaya ndiyo hakimu wetu. Lakini shahidi asipendwaye aweza kusema kweli. Tena jambo hili si geni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na shirika hilo huipima kila nchi kwa nguzo nane za usimamizi wa usalama. Moja ya nguzo hizo ni kuwa na watumishi wa ufundi wenye sifa za kutosha. Nalo shirika hilo huzishauri serikali kwamba mkaguzi apewe masharti ya kazi yanayolingana na ya wale anaowakagua. Sababu yake ni nyepesi. Mkaguzi mzuri hutoka karakanani, akiwa na leseni na uzoefu wa miaka. Kama karakana humlipa zaidi ya ofisi ya ukaguzi, hatakuja. Kama zote mbili humlipa kidogo, ataondoka nchini. Mlinzi asiwe na njaa kuliko anayelindwa, la sivyo hakuna ulinzi.

Basi tazameni mzunguko wake. Tulinunua ndege ndefu ili zifike mbali. Tukaacha ngazi ya mtu ikiwa fupi. Kisha mbali kukafungwa, na miongoni mwa sababu ni upungufu wa mtu. Waliokuwa wakisema mishahara ni jambo dogo la watumishi wenye kunung'unika, na walisome tena.

ANGA YENYEWE YAONGEZEKA

Wala jambo hili halitapungua. Majirani wanakwenda juu zaidi ya mawingu. Uganda iliwapeleka wahandisi watatu Japani, wakaunda setilaiti iitwayo PearlAfricaSat-1, nayo ikarushwa Novemba 2022. Kenya iliunda Wakala wake wa Anga za Juu mwaka 2017, na Aprili 2023 setilaiti yake Taifa-1 ikarushwa kutoka Marekani. Mambo hayo yaweza kutufaa hata hapa: mpunga wa Kagongwa hutegemea mvua, na mvua hutazamwa kutoka juu. Siku tutakapotaka wahandisi wa namna hiyo, tutawaweka katika ngazi ipi? Kama ni hii hii, heri tusiwasomeshe, maana tutakuwa twawasomeshea wengine.

TUNAYOYAOMBA

Kwa adabu, lakini bila kuyumba, twaomba haya:

1. Pawe na Muundo mmoja wa Utumishi kwa wahandisi na mafundi wa ndege walio chini ya Serikali, wawe katika wakala, kampuni au mamlaka, ili mtu wa sanaa moja asipimwe kwa mizani tatu kwa sababu ya paa alilo chini yake.

2. Pawe na ngazi mbili zilizo sawa kwa urefu: moja ya uongozi, moja ya ufundi. Mhandisi bingwa aweze kufikia mshahara wa mkuu wa idara bila kuiacha ndege.

3. Kila leseni ya aina ya ndege ihesabiwe kuwa hatua katika mshahara wenyewe, si hisani ya posho, nayo iingie katika hesabu ya pensheni.

4. Mkaguzi wa usalama wa anga asilipwe chini ya yule anayemkagua.

5. Tarehe ya kupanda cheo iwe ile mtumishi alipotimiza masharti, si ile barua ilipopata nafasi ya kusainiwa. Na anayekaimu asikaimu mwaka baada ya mwaka: baada ya miezi sita athibitishwe, au apumzishwe.

6. Mkataba wa kutumikia baada ya masomo uzifunge pande mbili. Mtumishi aahidi miaka yake, na Serikali iahidi kwa maandishi daraja na mshahara atakaoukuta akirudi.

7. Fundi sanifu afunguliwe njia ya kuwa mhandisi kwa masomo na leseni akiwa kazini. Mikono yenye ujuzi isizuiwe na karatasi moja iliyokosekana ujanani.

Hakuna hata moja kati ya saba hizi lisilowezekana. La pili limekwisha kufanyika kwa madaktari. La tano halihitaji fedha za kigeni, lahitaji kalenda tu.

NENO KWA WANACHAMA

Ndugu zetu, kazi ya kusema hili si ya wahandisi peke yao. Wao ni wachache, na saa wenzao walalapo ndiyo saa yao ya kazi. Sisi ni wengi, na kalamu ni zetu.

Kwa hiyo twawaagiza hivi. Kila tawi lisome maandishi haya katika mkutano wake, lichague yanayolifaa, na kuyapeleka katika baraza la wafanyakazi la mahali pake, kwa maandishi, yenye tarehe na nambari. Neno la mdomo hupeperuka kama pumba mashineni. Neno lenye nambari ya jalada hukaa likidai. Kila mwanachama aandike katika daftari lake siku aliyoajiriwa, siku aliyothibitishwa, siku aliyostahili kupanda na siku aliyopanda, maana asiyejua tarehe zake hawezi kudai miaka yake. Na kila karani wa masijala akumbuke kwamba barua ya mtumishi mwenzake ikikaa mezani wiki tatu, hizo ni wiki tatu za maisha ya mtu. Tusidai kwa Serikali wepesi ambao sisi kwa sisi hatutendeani.

Tena tusikubali kugawanywa. Mwalimu asimwonee wivu mhandisi, wala mhandisi asimdharau karani. Wazee wa 1922 walikuwa wachache kuliko sisi, nao walikuwa wa makabila mengi, wa dini mbili, na wa kazi mbalimbali, chini ya Serikali isiyokuwa yao. Sisi tuko chini ya Serikali yetu wenyewe. Kwa hiyo hatuna udhuru wa kunyamaza, nayo haina udhuru wa kutosikia.

Twamaliza kwa kusema waziwazi. Nchi iliyoweza kununua Boeing yaweza kumlipa anayeitunza. Isipomlipa, kutoweza si sababu. Itakuwa imechagua. Na ikichagua hivyo, isishangae siku ndege zitakapokuwa nyingi kuliko sahihi za kuziruhusu ziruke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa watu, nao watu hawaagizwi kiwandani.

Sisi wenu katika kazi,
Kamati ya Tawi, Kagongwa.